Fomu ziko mezani, kalamu ninayo mimi

Wengi mlishindwa kufika Jumamosi, mvua ilianza alfajiri na njia ya kuja huku Tabata ikinyesha mnaijua wenyewe. Mmeniomba niwaandikie niliyosema kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha wafugaji wa samaki wa mapambo, basi haya hapa yote, nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wetu. Kaka zangu, dada zangu, za asubuhi? Na nyie wadogo mliokaa huku mbele na chupa zenu za guppy, hamjambo? Karibuni sana, asanteni kwa kuja na mvua hii, na tumshukuru mzee mwenye nyumba kwa kutupa kibaraza chake na mwembe wake, maana mwaka wa tatu huu tunakaa hapa na hajawahi kutudai hata hela ya maji.

Wote mnanijua. Ni katibu wenu, na leo ni siku yangu ya mwisho kuitwa hivyo, nimemaliza miaka mitatu na katiba yetu inasema mitatu inatosha. Nimepewa dakika chache kabla ya mnada wetu wa samaki, na nina jambo moja tu.

Pale mezani mnaona karatasi tano. Ni fomu za kugombea. Moja ya mwenyekiti, moja ya katibu, moja ya mweka hazina, moja ya mratibu wa mnada, moja ya mtunza vifaa. Nilizitoa kopi Jumatatu, nikatangaza, nikawapigia wengine wenu simu mmoja mmoja. Leo Jumamosi, saa nne na nusu hii, zimejazwa ngapi? Semeni tu, msiogope. Hakuna. Hata moja. Tuna wanachama sitini na kitu, watu wanaofuga goldfish, betta, oscar, mbuna, wengine mna matenki kumi nyumbani, na fomu tano zimekosa majina matano.

Sijaja kumlaumu mtu. Nimekuja kuwaambia kwa nini zile karatasi zikikaa tupu mimi naumia, yaani naumia kweli, na nitawaambia kwa habari za samaki maana samaki ndio waliotukutanisha.

Mwaka 2018 nilinunua goldfish sita Kariakoo na tenki la lita sitini. Sikujua lolote. Nilichojua ni kwamba mama yangu alinilea kwenye usafi, kwa hiyo kila jioni nikitoka kazini natoa maji yote, naweka ya bomba, ile spanji ya filta naikamua chini ya bomba mpaka inarudi nyeupe kama mpya. Siku ya tano samaki wawili wamelala ubavu. Siku ya sita mmoja kafa, waliobaki wako juu wanapumua kwa shida, mapezi wameyabana. Nikarudi dukani kuuliza, yule kijana wa dukani akaniambia dada mimi nauza tu, lakini kuna namba pale ukutani. Ukutani kulikuwa na karatasi imebandikwa na gundi ya kahawia, imeandikwa kwa mkono, wafugaji wa samaki wa mapambo, na chini yake jina moja na namba moja ya simu.

Nilipiga saa mbili usiku. Saa tatu na nusu mzee mmoja anashuka kwenye boda mlangoni kwangu, katoka Mbagala, kashika ndoo ya lita kumi yenye mfuniko. Ndani ya ndoo kuna nini? Kipande cha spanji kichafu, cheusi kama masizi ya sufuria. Hakukaa hata kitini. Akaenda kwenye tenki langu, akakamua ile spanji humo humo, maji yakawa kahawia, mimi nikapiga kelele mzee unaniulia samaki! Akaniambia mwanangu, kinachowaua ni usafi wako.

Akanieleza taratibu. Kwamba samaki akijisaidia inatoka amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza iwe nitraiti, nayo sumu vilevile, halafu bakteria wengine wanaigeuza iwe nitreti ambayo samaki anaivumilia ukimbadilishia maji kidogo kidogo kila wiki. Hao bakteria wanakaa kwenye spanji, kwenye changarawe, na kwenye tenki jipya wanahitaji kama wiki nne mpaka sita kuwa wengi wa kutosha. Na mimi kila jioni nilikuwa nawaua kwa klorini ya bomba. Kila jioni! Akaniambia pia sita kwa lita sitini ni wengi mno, akaondoka na wawili kwenye ile ndoo yake, kati ya watatu waliobaki kwangu mmoja alikufa kesho yake na wawili ninao mpaka leo, wamekuwa wakubwa kama kiganja.

Sasa swali langu. Yule mzee alikuja kwa nini? Hatujuani, usiku, Mbagala mpaka Tabata, nauli yake mwenyewe. Nilimuuliza akiwa anavaa kofia ya boda. Alinijibu hivi, nakumbuka kama jana: jina langu ndilo liko kwenye karatasi.

Basi. Hakusema mimi ni mtaalamu, hakusema nina moyo wa huruma. Jina langu ndilo liko kwenye karatasi. Mzee huyo yupo, amekaa pale kwenye mkeka, na amekuwa mwenyekiti wetu mpaka leo, na magoti yake hayamruhusu tena kupanda boda usiku. Kwa mtu wa nje, ndugu zangu, chama chetu chote ni jina moja na namba moja ukutani. Yule dada anayeua samaki usiku huu Mbezi au Gongo la Mboto bila kujua, akipiga simu wiki ijayo, nani anapokea? Tutabandika jina la nani?

Nikiwauliza mmoja mmoja mnaniambia mambo matatu. La kwanza, dada mimi sijui vya kutosha. Kuna watu humu wanajua zaidi, wape wao.

Hebu niwakumbushe usiku ule wa Februari umeme ulipokatika. Wengi mnaukumbuka, saa mbili usiku ukakatika, ukarudi kesho yake mchana, na joto lile la Februari ambalo hata sakafu ina moto. Na maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi kama ya baridi, kwa hiyo pampu ikizima Februari sio sawa na pampu ikizima Julai. Chama kina pampu ngapi za betri? Tatu. Mpaka saa nne usiku nilikuwa nimepigiwa simu na watu tisa. Watu tisa, pampu tatu, na zote ziko kwangu kabatini.

Mimi nina tenki moja la goldfish, jamani. Mimi sijawahi kuzalisha hata mbuna. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye meza ya mnada miaka miwili naandika majina, na ukikaa pale unasikia. Nilikuwa nimesikia watu wakibishana kwamba betta na gourami wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, wanapanda wanabugia hewa kama sisi. Kwa hiyo wenye betta na gourami nikawaambia subirini, msiwape chakula, punguzeni maji kidogo tu wapate nafasi juu, samaki wenu watafika asubuhi. Hao walikuwa wanne. Wawili wana matenki makubwa yenye samaki wachache, nikawaambia chukueni kikombe, chota mwaga, chota mwaga, kila nusu saa, na wao wakakesha wanachota. Watatu waliobaki ndio waliojaza samaki, mmoja ana mbuna zaidi ya thelathini kwenye tenki moja, pampu zikaenda kwao kwa boda na boda nikawalipa kutoka mfuko wa chama, elfu kumi na nane jumla, risiti ipo.

Tulipoteza samaki saba usiku ule. Saba, kwa nyumba tisa.

Hakuna utaalamu niliokuwa nao ambao nyie hamna. Wengi wenu mngefanya maamuzi mazuri zaidi yangu. Tofauti ni kwamba simu tisa zilikuja kwangu badala ya kuzunguka zunguka kwenye grupu kila mtu anaandika poleni, poleni sana, Mungu atasaidia, mpaka asubuhi. Unayejua mambo ya kutosha lakini hakuna anayejua akupigie wewe, usiku ule ungemsaidia nani?

Sasa hili la pili, kwamba grupu linatosha na nafasi ikikaa wazi hakuna kinachoharibika, ndilo nataka mnisikilize vizuri, naomba wale wa nyuma msogee kidogo.

Kuna kaka mmoja alikuwa mwanachama wetu, fundi friji wa Kigamboni. Alikuwa anafuga wale samaki wa Unguja wenye mkia mwekundu, Nothobranchius guentheri. Wadogo nyie mnawajua? Ni samaki wa madimbwi. Mvua ikija dimbwi linajaa, wanaanguliwa, wanakua mbio mbio, wiki sita hivi wanaanza kutaga kwenye tope, halafu kiangazi kinakuja, dimbwi linakauka, wote wanakufa, na mayai yanabaki humo kwenye tope kavu yakisubiri mvua ya msimu mwingine. Samaki huyu kwa asili yake hayuko Brazil, hayuko Thailand, hayuko hata hapa Dar. Yuko Unguja tu. Dunia nzima, Unguja tu. Mzungu mmoja alimwandika kisayansi mwaka 1893 na mpaka leo kuna watu Ulaya na Marekani wanamtunza kizazi kwa kizazi kwenye vyumba vyao, na ukimuuliza mtu wa Mwanakwerekwe unamjua samaki huyu wengi watakwambia hapana.

Kaka yule alikuwa na mistari miwili, yaani koo mbili za samaki hao, kutoka madimbwi mawili tofauti ya Unguja, hakuwa anaichanganya hata siku moja. Mayai yake alikuwa anayatunza kwenye makumbi ya nazi. Anachukua makumbi, anayachambua, anayachemsha mara mbili mpaka maji yanaacha kutoa rangi, anayakamua yabaki na unyevu wa tumbaku ya kusokota, hivi, ukiminya halitoki tone. Anaweka na mayai ndani ya mfuko, anafunga, anaandika dimbwi gani na tarehe gani. Miezi mitatu hivi. Halafu unamwaga kwenye beseni lenye maji, na ndani ya saa chache unaona vitu kama nyuzi vyenye macho vinaruka ruka. Aliwahi kunionyesha yai moja chini ya kioo cha kukuzia, dogo kuliko punje ya mtama, na ndani yake jicho linakutazama, kijicho cha dhahabu, samaki yupo tayari kakunjwa humo ndani anasubiri maji tu. Nilishika lile yai mkononi nikasema Mungu mkubwa.

Kaka akapata kazi Dodoma. Hakuweza kuhama na mabeseni, akatuachia mifuko miwili. Akasema nawaachia chama. Chama! Wakati huo katibu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa amehamia Mwanza na nafasi yake ilikaa wazi miezi saba. Miezi saba hatukuwa na katibu, na hakuna aliyeona tatizo, maana grupu lilikuwa linaongea, picha zinatumwa, watu wanacheka. Mifuko ikawekwa kwenye droo nyumbani kwa mwanachama mmoja, kwa nia njema kabisa. Na ile mifuko iliandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, karatasi ikakaa kwenye unyevu.

Tulipoifungua, karatasi zote mbili zilikuwa doa la bluu. Doa tu. Mayai yalikuwa hai. Tulimwaga maji na walianguliwa, mkumbuke, wengine mlikuwepo, tulipiga makofi. Lakini yupi wa dimbwi lipi? Tukampigia kaka, akasema aliwaandika kwenye daftari la chama. Daftari la chama liko wapi? Hakuna anayejua, maana daftari ni kazi ya katibu na katibu hakuna. Kaka alinyamaza kwenye simu muda mrefu. Miaka minne alikuwa anawatenganisha. Miaka minne, vizazi na vizazi, na tukawa na samaki wazuri wenye mkia mwekundu ambao hakuna mtu anayeweza kusema wametoka wapi.

Mtu atasema samaki si wapo, shida nini? Nitawaambia shida kwa habari kubwa zaidi ya sisi.

Ziwa Victoria lilikuwa na furu. Watu wa Mwanza, Musoma na Bukoba mnajua ninachosema, babu zetu walikula furu waliokaushwa. Wataalamu wanakadiria aina zake zilizidi 500, ziwa moja! Sangara akapandikizwa humo miaka ya hamsini na sitini, na kufikia miaka ya themanini akajaa kila mahali, na inakadiriwa aina kama 200 za furu zilipotea au zikabaki kidogo sana. Wachache wamerudi baadaye, tunashukuru. Lakini sangara hakuwa peke yake. Maji yalichafuka, yakawa ya kijani na tope, mwanga haupiti vizuri. Na furu jike anamtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakiwa machafu haoni rangi, anachagua asiye wake, wanachanganyika, na aina mbili zinakuwa moja. Mnaona? Rangi ndiyo ilikuwa karatasi yao, na karatasi ikalowa.

Na leo kuna furu ambao ziwani hawajaonekana kwa miaka mingi lakini wapo hai, wapo kwenye matenki ya watu. Watu wa kawaida, mwalimu, dereva, mstaafu, huko Marekani na Ulaya. Kuna mpango unaitwa CARES, ulianza mwaka 2004, vyama vya wafugaji kama hiki chetu vinaandikisha nani anatunza aina gani iliyo hatarini, ili mmoja akifa au akihama mwingine ajulikane. Chama cha Marekani cha wafuga sikilidi, yaani jamii ya furu na mbuna, kipo tangu 1967. Zaidi ya nusu karne hiyo, na kila mwaka lazima kuna mtu alijaza fomu.

Twende Ziwa Tanganyika. Ukiingia kwenye chumba cha mfugaji Ujerumani utakuta kwenye kioo cha tenki kaandika Tropheus, samaki wa ziwa hilo, halafu kaandika Ikola. Kwenye kingine Kipili. Kwenye tenki la frontosa, samaki mwingine wa humo, kaandika Mpimbwe. Majina ya mwambao wetu, vijiji vyetu, yameandikwa kwenye vioo vya watu ambao hawajawahi kufika Kigoma. Je, wana maji mazuri kuliko sisi? Wao wanachanganya chumvi na magadi kutafuta maji magumu yanayofanana na ya ziwa ambalo sisi tunalo. Wana samaki wazuri kuliko sisi? Samaki ni wetu. Wenzetu wana mtu wa kuandika. Wana katibu, ndugu zangu. Wana mtu aliyekubali kuwa na daftari.

Mimi nilichukua ukatibu baada ya lile doa la bluu. Mkutano ule ule mwenyekiti aliuliza nani, watu wakatazama chini, na mimi nikawa namwaza yule kaka alivyonyamaza kwenye simu. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiria mume wangu atasema nini. Na kitu cha kwanza nilichonunua ni penseli. Penseli haifutiki na maji. Tangu siku hiyo kila mfuko wa mayai wa chama una karatasi ya penseli ndani na nakala kwenye daftari na picha ya daftari kwa watu watatu tofauti.

La tatu mnaloniambia ni maneno ya watu. Hili sitalificha. Mwaka wangu wa pili, baada ya mnada wa Juni, hela ilipungua elfu sitini na mbili. Mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyeshika bahasha. Usiku ule kwenye grupu yakaandikwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto hawa. Siku mbili sikulala. Mume wangu akaniambia acha, unajipa mateso ya nini kwa ajili ya samaki wa watu. Siku ya tatu nikageuza zile karatasi za mnada moja moja na nyuma ya moja nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, wanachama wawili wamechukua samaki kwa mkopo, elfu arobaini na elfu ishirini na mbili. Nilikuwa nimeandika nyuma kwa sababu mbele pamejaa.

Aliyeandika maneno yale alikuja nyumbani akaniomba msamaha na tukanywa chai na leo ni rafiki. Lakini kuanzia hapo tulibadilisha utaratibu. Anayeandika hashiki hela, anayeshika hela haandiki, wanahesabu wawili mbele ya watu wote kabla mtu hajaondoka, na hela inaingia akaunti ya kikundi ya kwenye simu siku hiyo hiyo ambapo kuitoa lazima watu watatu wakubali. Tangu Juni ile haijapungua hata mia. Kwa hiyo wewe unayeogopa umweka hazina, unaogopa kazi ya zamani. Kazi ya sasa haikuachi peke yako na bahasha.

Muda? Nilihesabu mwezi uliopita kwa ajili yenu. Ukatibu unanila kama saa tatu kwa wiki, wiki ya mnada saa saba. Mtunza vifaa ni saa moja kwa wiki, kuchaji betri na kujua kifaa cha kupimia maji kiko kwa nani. Mnatumia zaidi ya hizo kukaa mbele ya tenki mkitazama tu, na mimi pia.

Na kuna la usajili, nitalisema haraka. Tumesema mwaka mzima tunataka kusajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya ili tufungue akaunti ya benki na tuweze kuomba ukumbi kwa barua yenye muhuri. Msajili wa Jumuiya anataka katiba na viongozi. Katiba tunayo, ile ya kurasa sita. Viongozi ndio zile karatasi tano.

Sasa utaratibu wa leo. Kamati imekubali kwamba safari hii kila nafasi inachukua watu wawili, mmoja anaongoza, mwingine anafuata nyuma mwaka mzima anajifunza, halafu mwakani anashika yeye. Kwa hiyo tunatafuta watu kumi, na watano kati yao hawatakiwi kujua chochote kwa kuanzia. Vijana wa miaka kumi na nane mnaruhusiwa. Kina mama ambao mlikuja leo kumsindikiza mtoto na guppy wake, mnaruhusiwa, mtu akilipa elfu tano yake ni mwanachama. Mimi nitakaa na katibu mpya kila Jumatatu jioni mpaka Septemba, nyumbani kwangu au kwake, atakavyopenda, na daftari namkabidhi leo hii mbele yenu na ile boksi ya penseli.

Yule kaka wa Dodoma alinitumia meseji asubuhi. Mwezi uliopita alikuja Dar na mfuko, mstari wake mpya kutoka dimbwi moja la Unguja, karatasi ya penseli ndani, akaangulia kwa dada yetu wa Sinza. Ameuliza fomu ngapi zimejazwa. Sijamjibu bado.

Mnada unaanza saa nane. Fomu ziko mezani na kalamu ninayo mimi, anayetaka aje hapa nilipo. Na wewe dada wa Sinza, naomba usogeze zile ndoo mbili za bluu huku chini ya mwembe, mvua imekata, jua limeanza kuzipiga na ndio wale wenye mkia mwekundu.